Replika ipo Dar, Tanga haifunguki: kutatua matatizo ya kumaunti volyumu siku ya maafa

Ofisi nyingi za Tanga zenye seva zao zimepangwa kwa namna inayofanana. Volyumu kuu ya mafaili, yaani eneo la hifadhi linalotumika kama diski moja, ipo hapa mjini, tuseme Chumbageni au jirani na bandari, na kila saa au kila usiku mabadiliko yanatumwa (ndiyo replikesheni) kwenye nakala yake, replika, iliyo kwenye mashine ya pili Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350 kwa barabara. Umeme ukiunguza kitu, mvua ikiingia chumba cha seva au diski zikichoka kwa joto na hewa ya chumvi, watu wa Tanga wanatakiwa waifungue ile ya Dar na kazi iendelee. Kwenye karatasi ya mpango jambo hili huwa mstari mmoja tu: "maunti replika," yaani iunganishe na mashine zenu ili mafaili yake yafunguke. Siku yenyewe ikifika, simu hazinyamazi.

Nimepanga kwa dalili, maana anayepiga simu huwa anataja dalili, hajui chanzo. Chini ya kila dalili kinachotokea sana kimetangulia. Mifano ni ya NFS (njia ya kufungua mafaili ya seva kupitia mtandao) kwenye Linux, NetApp (mitambo ya hifadhi), ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) na DRBD (programu ya kunakili diski kati ya mashine mbili). Windows nitaigusa kwa juu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: replika nyingi zinazosemwa zimekufa ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni vile vitu vinavyoizunguka ambavyo replikesheni haivibebi, yaani orodha za ruhusa, njia ya mtandao, majina na saa. Kinachoua data ni fundi kukimbilia kuifanya replika iandikike kabla hajajua volyumu kuu iko katika hali gani.

Kabla ya amri yoyote

Chukua karatasi, andika mambo matatu. Nani mwenye mamlaka ametamka kwamba tunahamia Dar. Seva ya Tanga imezimwa, imezimika yenyewe, au haionekani tu kwenye mtandao. Hayo ni mambo tofauti na dawa zake ni tofauti. Na snapshoti ya mwisho (picha ya data ya wakati mmoja) iliyofika Dar ni ya saa ngapi.

Halafu nenda kaiangalie seva ya Tanga kwa macho yako. Ofisi zilizo karibu na bahari, chomoa kebo ya mtandao uangalie meno ya plagi: ukiona ukijani kwenye shaba, kata kichwa ubane kipya kabla hujafanya lolote. Nimeona "maafa" yakiishia hapo, na koleo la kubania plagi likarudi mfukoni.

Dalili ya 1: amri inasubiri, kisha "Connection timed out"

Hapa watu husema: "Lakini replikesheni imekuwa ikipita mwaka mzima, mtandao hauwezi kuwa tatizo." Unaweza. Replikesheni inapita mlango wake (mlango ni namba ya huduma kwenye mashine, "port"), na anayemaunti anapita mlango mwingine. SnapMirror ya NetApp inatumia milango 11104 na 11105. ZFS inayotumwa kwa SSH (muunganisho wa siri kati ya mashine) inatumia 22. NFS inataka 2049, na ikiwa ni toleo la 3 inataka pia 111 na mlango wa huduma ya kumaunti, ambao kwa NetApp ni 635. Fayawoli (ukuta unaochuja mtandao) iliyofunguliwa kwa ajili ya replikesheni peke yake itapitisha data miaka na miaka, halafu siku ya maafa inamfungia nje mteja, yaani mashine inayomaunti.

Pima kwanza kwa kitu chepesi:

`nc -vz anwani-ya-Dar 2049`

Ikikwama, tatizo liko njiani na si kwenye hifadhi. Vyanzo kwa mpangilio: fayawoli ya Dar, VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi mbili) ambayo haikupewa njia ya kwenda kwenye mtandao mdogo wa mashine ya akiba, halafu mashine ya Dar yenyewe kuwa imezima. Hilo la mwisho usilicheke. Chumba cha akiba hakikaliwi na mtu, na LUKU inaisha kimya kimya. Mpigie mlinzi wa jengo umuulize kama taa zinawaka.

Kama mashine ya pili iko kwenye wingu nje ya nchi, kumbuka kuwa njia inapita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa NFS utakaokusaidia. Subiri njia mbadala ya mtoa huduma, usianze kubadilisha mipangilio iliyokuwa sawa.

Fayawoli ikiwa chini ya mtu mwingine, iwe ofisi ya makao makuu au mwenye kituo cha data, simama hapo. Mpe anwani inayotoka, anwani inayoendewa na namba za milango, akufungulie yeye.

Dalili ya 2: "access denied by server while mounting"

Hii ni nafuu, maana seva imekujibu. Imekukatalia tu.

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni orodha ya ruhusa. Replikesheni ya volyumu hubeba mafaili. Haibebi orodha ya nani aruhusiwe kumaunti. Kwenye NetApp volyumu ya Dar inaweza kuwa inatumia sera ya ruhusa ambayo haina kanuni hata moja, na sera tupu maana yake hakuna anayeingia. Kwenye Linux angalia `/etc/exports` ya Dar, ongeza anwani za Tanga, kisha:

`exportfs -ra`

Chanzo cha pili kinawapotezea watu muda mwingi: anwani unayodhani unatoka nayo siyo ile seva inayoiona. Ukipita kwenye ruta inayobadilisha anwani, Dar inaona anwani ya ruta. Na kuna kidudu kingine humo humo. Linux kwa kawaida inakataa ombi la kumaunti linalotoka kwenye mlango wa namba kubwa, na ruta inapobadilisha anwani mara nyingi inabadilisha na mlango. Kwa hiyo umeandika anwani sahihi na bado unakataliwa. Usibahatishe, soma logi ya seva ya Dar:

`journalctl -u nfs-mountd | tail`

Ukiona "unmatched host", anwani haimo kwenye orodha. Ukiona "illegal port", ni huo mlango mkubwa. Dawa nzuri ni kuondoa ubadilishaji wa anwani ndani ya VPN. Dawa ya dharura ni kuweka `insecure` kwenye mstari wa mteja huyo mmoja ndani ya `/etc/exports`. Usiuwekee dunia nzima.

Chanzo cha tatu ni cha NetApp: sera ya volyumu yako ni sawa, lakini volyumu mzizi ya seva hiyo pepe, ile ya juu ambako nyingine zimeunganishwa, haimruhusu mteja kusoma. Mteja hawezi kufika chumbani bila kupita sebuleni. Mpe ruhusa ya kusoma tu kwenye mzizi, inatosha.

Na kuna jaribu la kila mtu hapa, yaani kuandika nyota ili kila anwani iruhusiwe, "tutarekebisha baadaye." Kama humo kuna taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa SACCOS, acha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haijasimama kwa kuwa umeme umekatika.

Dalili ya 3: volyumu haionekani, au "No such file or directory"

Kwa NetApp, volyumu ya upande wa pili inazaliwa bila njia ya kuifikia. Ipo, imejaa data, lakini haijaunganishwa kwenye mti wa majina. Mtu huelekeza mashaka yake moja kwa moja kwenye replikesheni ilhali inakosekana amri moja:

`volume mount -vserver akiba -volume nyaraka -junction-path /nyaraka`

Ikikataa, tazama `snapmirror show`. Hali ikiwa "Uninitialized", nakala ya kwanza haijawahi kukamilika na hakuna cha kumaunti. Habari hiyo ipeleke kwa mkuu wako mara moja, usikae nayo.

Njia hii ikiwa imeshawekwa na mteja bado haioni, uliza kama volyumu mzizi ina nakala za kugawana mzigo. Zikiwepo, wateja wanasomeshwa nakala hizo, na njia mpya haitaonekana hadi zisasishwe kwa `snapmirror update-ls-set`.

Kwa ZFS tazama sifa kabla ya kuandika amri nyingine:

`zfs get mounted,canmount,mountpoint,keystatus,readonly tanki/nyaraka`

Mara nyingi `canmount` ni `noauto` au `off`, na aliyeiweka hivyo alifanya vyema ili replika isijifungue yenyewe. `zfs mount tanki/nyaraka` inamaliza kazi ikiwa ni `noauto`. `keystatus` ikiwa "unavailable", data imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo hausafiri pamoja na data. Unaweka ufunguo kwa `zfs load-key`. Uko wapi? Ukijibiwa "kwenye seva ya Tanga", ile iliyoungua, basi hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Hakikisheni leo, wakati kila kitu kinafanya kazi, kwamba ufunguo huo una nakala nje ya jengo hilo.

Kwa DRBD ujumbe ni "Wrong medium type". Hauna maana kwamba diski ni mbovu. Unamaunti upande ambao bado ni wa pili, na wa pili haumauntiki. Usiupandishe cheo bado. Soma kwanza dalili inayofuata.

Dalili ya 4: imemauntika, lakini "Read-only file system"

Hii siyo hitilafu. Replika inatakiwa iwe ya kusoma tu, na ikiwa hivyo ina maana mtambo unafanya ulichoulipia.

Uliza watu wa kazini wanahitaji nini hasa. Karani wa kampuni ya uwakala wa forodha anayetaka kuchapisha hati ya shehena ili kontena litoke leo hahitaji kuandika chochote. Anahitaji kusoma faili moja. Mhasibu anayetafuta ankara za mwezi jana, vilevile. Nusu ya shinikizo linaisha ukiwaambia wafungue na wasome, kazi mpya wazihifadhi kwenye folda nyingine ya muda. Saa kadhaa ulizopata hapo ndizo za kujua seva ya Tanga imekufa au imezimia.

Wakitaka kujaribu tu, kwa mfano kwenye zoezi la kila robo mwaka, tengeneza tawi linaloandikika kutoka kwenye snapshoti: FlexClone kwa NetApp, `zfs clone` kwa ZFS. Wachezee tawi, replika ibaki salama, na replikesheni haikatiki.

Ikilazimu kuifanya replika yenyewe iandikike, hapa ndipo penye moto. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ukiipandisha Dar huku seva ya Tanga bado inapumua mahali na kuna watu wanaiandikia, utakuwa na volyumu mbili, zote za kweli, zote pungufu. Karani aliye bandarini anaongeza faili kwenye moja, bosi aliye Dar anafuta kwenye nyingine. Hakuna amri ya kuzipatanisha. Mmoja lazima apoteze.

Kwa hiyo hakikisha kwa mikono kwamba Tanga imezimwa. Mtu achomoe waya wa umeme na kebo za mtandao, abaki navyo mkononi au abandike karatasi mlangoni. "Haijibu pingi" siyo ushahidi. VPN ikikatika peke yake, Tanga itaonekana imekufa kutoka Dar huku ofisi nzima inaendelea kuitumia. Umeme wa TANESCO ukirudi saa nane usiku, seva iliyozimika inaweza kuwaka yenyewe na kuanza kuhudumia watu. Ndiyo maana tunachomoa waya.

Baada ya hapo tu:

- NetApp: `snapmirror quiesce`, halafu `snapmirror break`.
- DRBD: `drbdadm primary jina`, kisha maunti.
- ZFS: `zfs set readonly=off`, na uzime ratiba ya upokeaji, la sivyo pokezi lijalo likitumia `-F` (lazimisha) litafuta kila mtakachoandika.

Simama, usiendelee, piga simu: kama `drbdadm status` inaonyesha "StandAlone" pande zote mbili baada ya mtandao kurudi, au kama logi inataja "Split-Brain" (kila upande umeandikiwa kivyake). Amri ya kutoka hapo ina maneno `--discard-my-data`, na inafanya kile inachosema. Anayeamua upande upi utupwe ni mwenye data, tena kwa maandishi.

Kuna tawi dogo la dalili hii. Unamaunti snapshoti ya diski yenye XFS (mpangilio wa mafaili wa Linux, kama Ext4) kwenye mashine ambayo tayari ina volyumu asili, na inakataa kwa sababu ya "duplicate UUID", yaani namba ya utambulisho imejirudia. Tumia `-o nouuid`. Na XFS iliyokatwa katikati ya kuandika, ukiimaunti kwa kusoma tu kwenye diski isiyoandikika, inataka `-o ro,norecovery`. Ext4 ni `-o ro,noload`. Usikimbilie `xfs_repair -L`. Inatupa kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajaandikwa, na mara nyingi ndiyo yale ya dakika za mwisho unazozitafuta.

Dalili ya 5: inafunguka, faili dogo linasomeka, folda kubwa inaganda

Dalili hii inachanganya watu kuliko zote kwa sababu inaonekana kama imani za kishirikina. Folda ya sera ina faili nne, inafunguka papo hapo. Folda ya skani za mwaka, yenye maelfu ya PDF, ukiandika `ls` skrini inaganda hata ukibonyeza Ctrl+C. Mtu anaanza kushuku diski ya Dar.

Karibu kila mara ni ukubwa wa pakiti. Mtandao wa ndani unatuma pakiti za baiti 1500. VPN inaongeza vichwa vyake, nafasi inapungua, na ruta fulani njiani inaitupa pakiti kubwa bila kumwambia mtumaji. Majibu mafupi yanapita, marefu yanapotea. Pima hivi:

`ping -M do -s 1472 anwani-ya-Dar`

Ile 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa ndiyo 1500. Ikishindwa, shuka: 1400, 1360, 1300, hadi ipite. Ukishajua kikomo, iambie ruta ya VPN ipunguze kipimo cha TCP cha MSS (kiasi cha data ndani ya pakiti moja) kwa miunganisho yote inayopita humo. Ni kikomo cha pakiti nzima ukitoa 40. Kama ruta si yako, punguza MTU (ukubwa wa pakiti nzima) ya mashine ya mteja kwa muda, kazi iendelee.

Pakiti zikiwa salama, chanzo kinachofuata ni njia iliyojaa: replikesheni ya volyumu nyingine imeanza kujipanga upya na inakula uwezo wote wa njia. Isimamishe hadi jioni. Ukikosa huko pia, ndipo uangalie diski za Dar.

Jambo moja zaidi. Usibadilishe maunti kuwa `soft` (ikichelewa inakata tamaa) ili "isigande". Kwa kusoma utapata makosa ya hapa na pale. Kwa kuandika unaweza kuharibu faili bila mtu kujua. Acha `hard` (inasubiri hadi ijibiwe), tibu njia.

Dalili ya 6: data ni ya zamani, au folda ni tupu

Folda tupu kwanza. Kama volyumu ya Tanga ilikuwa na volyumu nyingine ndani yake, kila moja inareplikwa peke yake. Mama akifika Dar bila watoto, mahali pao pataonekana folda tupu zenye majina sahihi. Linganisha orodha ya volyumu za Tanga na za Dar, moja moja. Kwa ZFS, aliyetuma bila `-R` alituma mama tu.

Data ya zamani: tazama umri wa replika.

`snapmirror show -fields state,status,lag-time`
`zfs list -t snapshot -o name,creation -s creation | tail`

Kuchelewa kwa saa moja kwenye ratiba ya saa moja ni kawaida. Kuchelewa kwa wiki kuna hadithi: nafasi imejaa Dar, nenosiri limebadilishwa, au kwa ZFS ujumbe "destination has been modified since most recent snapshot", maana yake kuna mtu aliiandikia replika. Usiilazimishe kwa `-F` siku ya maafa. Hicho alichoandika huenda ndicho pekee kilichobaki.

Kwa hifadhidata, kumbuka snapshoti iliyochukuliwa bila kuituliza kwanza ni sawa na mashine iliyokatikiwa umeme. PostgreSQL na InnoDB ya MySQL zinajirekebisha zikiwashwa, mradi data na kumbukumbu zake zilipigwa picha kwa wakati mmoja. Zikiwa kwenye volyumu mbili zenye ratiba mbili, ita mtu wa hifadhidata.

Dalili ya 7: mafaili yote ni ya "nobody", au nenosiri linakataliwa

"nobody" kwenye NFS ya toleo la 4 ni jina la domeni kutolingana. Weka `Domain` ileile ndani ya `/etc/idmapd.conf` pande zote, kisha `nfsidmap -c`. Windows ikikataa nenosiri sahihi, angalia saa: Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, na mashine ya akiba iliyokaa bila NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao) hupotea taratibu. Saa ikiwa sawa, uliza kama seva ya domeni ilikuwa kwenye chumba kilekile kilichoungua.

Dalili ya 8: "Stale file handle"

Mteja anakumbuka volyumu ya Tanga huku jina sasa linaelekea Dar. `umount -l`, maunti upya, basi. Ikigoma, washa upya mashine ya mteja, usiwashe upya seva.

Kurudi Tanga

Seva imepona, watu wanataka kurudi. Hapa kosa moja la mwelekeo linafuta kila kitu kilichoandikwa Dar tangu siku ya maafa. `snapmirror resync` inafuta mabadiliko ya upande unaopokea, na ukiirudia ile amri ya awali kama ilivyo, anayepokea ni Dar. Unatakiwa ugeuze: Dar iwe chanzo, Tanga ipokee, msubiri zilingane, ndipo muwaondoe watu kwenye mfumo na kugeuza tena.

Kabla ya kubonyeza, chukua snapshoti mpya pande zote mbili, kisha mtu wa pili asome amri kwa sauti, chanzo na mpokeaji, wewe ukisikiliza. Kama hakuna snapshoti inayofanana pande zote, au pande zote mbili ziliandikiwa, msiguse. Mpigieni mtaalamu wa mtambo huo mkiwa na ile karatasi ya mwanzo, matokeo ya `snapmirror show`, `zpool status` au `drbdadm status` kutoka kila upande, na saa ambayo kila amri ilitolewa. Diski zilizotolewa kwenye seva zibaki na namba za nafasi zake zimeandikwa juu, na zisipelekwe kwa fundi wa kompyuta wa mtaani "azicheki" kabla mtaalamu hajasema.